Kioo cha kompyuta kikicheza, usikubali haraka kwamba kadi imekufa

Wiki za mwisho za maombi ya mkopo wa elimu ya juu, steshenari za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro hujaa vijana wenye bahasha mikononi. Ndani ya bahasha kuna cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na, kwa waliofiwa na mzazi, cheti cha kifo. Nyaraka hizo lazima zipigwe skana na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) kabla dirisha halijafungwa. Kazi yote hiyo inategemea kompyuta moja au mbili za mezani zilizokwisha kutumika mahali pengine kabla ya kufika Kagera. Na foleni ikiwa ndefu, kioo ndipo kinapoanza vituko: kinawaka na kuzima, kinageuka njano, kinachora mistari, au kinabaki cheusi wakati sipiyu inaunguruma chini ya meza.

Fundi akiitwa, mara nyingi jibu ni fupi: kadi imekufa. Mwenye duka anahesabu fedha za kadi nyingine, au anaambiwa anunue mashine nyingine kabisa. Mwanafunzi anapanda bodaboda kwenda mji mwingine.

Wakati mwingine fundi amesema kweli. Lakini kwenye kompyuta kongwe, kadi ya picha ni mshitakiwa mmoja tu kati ya wengi, na walio wengi ni wa bei nafuu kuliko yeye: kebo, vumbi, RAM iliyolegea, umeme unaoyumba, programu isiyoendana na mashine. Kuwatofautisha hakuhitaji chuo. Kunahitaji kupima kwa mpangilio, ukianza na kisichogharimu kitu.

Kwa nini suala hili limekuwa kubwa sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, programu inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta za mezani tunazoziona madukani na maofisini. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kufanya kazi kama jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure kwa kila mtu. Watumiaji wa nyumbani walipewa njia ya kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada, hadi 13 Oktoba 2026, lakini anayeitumia lazima awe na akaunti ya Microsoft, na si wamiliki wote wa steshenari wanaojua kwamba nafasi hiyo ipo.

Windows 11 nayo ina masharti. Kwa upande wa Intel, Microsoft inazitambua rasmi, kwa jumla, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, yaani mashine zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017. Mashine nyingi zinazotumika huku ni za kabla ya hapo. Mafundi wamejibu kwa kuruka masharti hayo na kuiweka Windows 11 kwa nguvu. Hapo ndipo siasa za kampuni ya mbali zinapogeuka kuwa mistari kwenye kioo cha mtu wa Kaisho, na tutaeleza kwa nini.

Upande wa pili ni bei. Tangu miezi ya mwisho ya 2025, RAM mpya zimepanda bei duniani kote, kwa sababu viwanda vichache vinavyozitengeneza, Samsung, SK Hynix na Micron, vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo ilikuwa ikiuzia RAM kwa watu wa kawaida. Kadi za picha pia zinatumia kumbukumbu za namna hiyo. Kwa hiyo ule ushauri wa "tupa, nunua mpya" umekuwa ghali zaidi katika kipindi kilekile ambacho mashine za zamani zinaambiwa zimepitwa na wakati.

Na kazi zinazotegemea kioo hicho zimeongezeka. Anayetaka zabuni ya serikali anapitia mfumo wa NeST. Leseni ya biashara ya halmashauri inaombwa kwa TAUSI. Mnada wa kahawa ya Kagera umeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, chenye wakulima wa wilaya zote mbili, vina orodha za wanachama, uzito na malipo za kuandaa. Simu inaweza kusoma matokeo ya mnada. Kuandaa orodha ya wakulima mia tatu kwenye simu ni adhabu.

Picha inasafiri kama sauti ya redio

Wewe msikilizaji unajua kwamba sauti inatoka studio, inapita kwenye mtambo wa kurushia, inaruka hewani, inanaswa na antena yako, kisha spika inakutolea. Ukisikia mkwaruzo husemi studio imeungua. Unageuza antena kwanza, unatazama betri, unamuuliza jirani kama naye anasikia hivyo.

Picha ya kompyuta ina safari ya aina hiyo. Programu inatoa amri. Kadi ya picha inaichora ile picha na kuihifadhi kwenye kumbukumbu. Kutoka hapo inapita kwenye tundu la nyuma, inaingia kwenye kebo, inafika kwenye monita, na monita inaionyesha kwa msaada wa taa iliyo nyuma ya kioo chake. Umeme unalisha vituo vyote hivyo. Kituo kimoja kikilegea, unachokiona wewe ni kioo kinacheza.

Jambo moja la kujua mapema: kompyuta nyingi za ofisi zilizofika huku, kama Dell OptiPlex na HP Compaq, hazina kadi ya picha ya kuchomeka. Uwezo wa kuchora picha umejengwa ndani ya ubao mkuu au ndani ya prosesa yenyewe, na unatumia sehemu ya RAM ya kompyuta. Ukiambiwa kadi imekufa, swali lako la kwanza liwe hili: "Fundi, nionyeshe hiyo kadi." Ikiwa kebo ya monita imechomekwa pembeni mwa matundu ya USB na ya sauti, unatumia picha ya kwenye ubao. Ikiwa imechomekwa chini zaidi, kwenye kibati kilicholala peke yake, hapo kweli una kadi.

Kuna kosa moja dogo linalopoteza siku nzima. Mashine yenye kadi ya kuchomeka mara nyingi huzima lile tundu la kwenye ubao. Mtu akihamisha meza, akarudisha kebo kwenye tundu la juu badala ya la kadi, kioo kinabaki cheusi na ujumbe kwamba hakuna mawimbi. Hakuna kilichoharibika.

Vipimo vinne visivyotaka hela

Cha kwanza ni kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Kioo kikiwa kinacheza, kibonyeze. Ile menyu ya kurekebisha mwanga inachorwa na monita, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa mistari inapita hata juu ya menyu, au menyu nayo inatetemeka, ugonjwa uko kwenye monita au kwenye umeme wake. Ikiwa menyu imetulia safi na picha ya nyuma yake ndiyo inayoharibika, iache monita, rudi kwenye kebo na sipiyu. Kipimo hiki kinachukua sekunde kumi na kinaokoa watu wengi kununua monita wasiyoihitaji.

Cha pili ni kebo. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu kebo ya VGA, ile yenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, bado ndiyo inayotawala. Ina nafasi 15 za pini kwa safu tatu, na kila moja ya rangi tatu za msingi, nyekundu, kijani na bluu, ina pini yake. Pini moja ikipinda au kulegea, rangi hiyo inapotea na kioo kizima kinabadilika. Kikiwa njano, bluu imekatika. Kikiwa cha zambarau inayoelekea waridi, kijani ndicho kimekatika. Kikiwa kijani kilichochanganyika na bluu, nyekundu haifiki. Mtu akiona monita ya njano na kusema kadi imeungua, mwambie akaze skrubu za kebo kwanza, kisha aitikise taratibu karibu na kichwa huku akitazama. Rangi ikirudi na kuondoka, umempata mhalifu. Ukiichomoa usishtuke kuona pini moja haipo katika safu ya kati: kebo nyingi zimetengenezwa hivyo. Pini iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa ncha ya kalamu isiyo na wino, polepole, mashine ikiwa imezimwa.

Cha tatu ni muda ambao ugonjwa unaanza. Washa mashine na utazame nembo ya Dell au HP inapotokea, kabla Windows haijaanza. Mistari ikiwepo tangu nembo, Windows haihusiki. Tafuta kebo, RAM, kadi au umeme. Nembo ikiwa safi, na vurugu zikaanza baada ya Windows kupakia, shuku programu kabla ya kushuku chuma.

Cha nne ni skrinishoti. Bonyeza kitufe cha Print Screen wakati vurugu zinaonekana, bandika kwenye Paint, hifadhi, kisha itume hiyo picha kwenye simu yako. Ikiwa kwenye simu picha ni safi, maana yake kompyuta iliichora vizuri na imeharibikia njiani: tundu, kebo au monita. Ikiwa madoa yameonekana hata kwenye simu, yalikuwepo kabla picha haijatoka, na hapo unazungumzia programu au kumbukumbu ya picha.

Kuna kipimo cha tano kwa kioo kilichokuwa cheusi kabisa huku taa ya monita ikiwa imewaka kawaida. Zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu na kwa upande. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, picha ipo. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo au saketi inayoilisha. Monita za zamani zinatumia mirija myembamba badala ya LED, na dalili yake ya awali ni kioo kuwa chekundu-chekundu asubuhi, au kuwaka sekunde mbili na kuzimika.

Vumbi, joto na raba ya mwanafunzi

Vipimo vikionyesha kwamba ugonjwa uko ndani ya sipiyu, bado hatujafika kwenye kununua kitu. Anza na vumbi. Barabara zetu nyingi za vijijini ni za udongo, na duka lililo kando ya barabara linameza vumbi jekundu kila gari likipita wakati wa kiangazi. Vumbi hilo linajaa kwenye mapezi ya bati lililo juu ya prosesa na kwenye feni, joto linakosa pa kutokea, na picha inaanza kuganda au kutoa madoa baada ya nusu saa ya kazi. Dalili ya joto ni hiyo: asubuhi safi, mchana vurugu, ukiizima ipumzike inarudi kuwa nzima.

Chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa bati la ndani la sipiyu kwa mkono kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha toa vumbi kwa brashi laini ya rangi, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji kisiingie humo. Kama mashine haijafunguliwa tangu ilipofika, ile pasta ya kijivu iliyo kati ya prosesa na bati lake huenda imekauka kama chokaa. Hiyo inabadilishwa na fundi na si kazi kubwa.

Baada ya vumbi, RAM. Tulisema picha ya kwenye ubao inaishi ndani ya RAM. RAM yenye kutu kwenye meno yake ya dhahabu inaweza kutoa mistari, herufi zisizosomeka au kioo cheusi chenye milio ya "pii, pii". Itoe, sugua meno hayo taratibu kwa raba ya kufutia penseli, puliza mabaki, irudishe mpaka vibano viseme "tak". Ukiwa na mbili, jaribu moja moja, na kila moja katika kila tundu. Kadi ya kuchomeka nayo isafishwe hivyo hivyo. Raba ya mwanafunzi wa darasa la tatu imefufua mashine nyingi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa, ingawa si jambo fundi atakalokuandikia kwenye risiti.

Ukiwa bado umefungua, tazama vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao, viitwavyo kapasita. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba kama kifuniko cha kopo lililoharibika, au kimetoa ute wa kahawia, ubao unapewa umeme mchafu. Jambo hili lina historia kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye viwanda vya dunia nzima. Nyaraka za kesi iliyofunguliwa Marekani zilionyesha kwamba Dell peke yake, kati ya Mei 2003 na Julai 2005, iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya vipuri hivyo. OptiPlex GX270 ilikuwa mojawapo. Ukiuziwa mashine ya miaka hiyo leo, hata kwa bei ya kutupa, unanunua historia hiyo. Kapasita zinabadilishwa na fundi anayejua kuchomelea, na kapasita zenyewe ni za bei ndogo.

Sehemu moja usiifungue hata kwa udadisi: lile boksi la umeme lenye feni ndani ya sipiyu. Linahifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Umeme wetu na kioo kinachokonyeza

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imepata umeme kutoka Uganda, kwa njia inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, kisha kusambazwa kwa njia ndefu kuja huku juu. Mambo yanabadilika: Rusumo inazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na pale Murongo mto Kagera unalisha mtambo wa Kikagati ambao umeme wake unagawanywa na Uganda. Lakini megawati zikiongezeka kwenye chanzo, haimaanishi volti zimetulia kwenye soketi ya duka lililo mwisho wa waya wa kijijini, hasa jioni mashine za kusaga na za kuchomelea zikiwa kazini. Kiwango ni volti 230. Mwishoni mwa laini ndefu hushuka.

Ndiyo maana kipimo rahisi cha umeme ni kutazama balbu. Kioo kikikonyeza na balbu ikakonyeza nacho kwa pamoja, fundi wa kompyuta huna haja naye bado. Kinachotakiwa ni stabilaiza yenye nguvu inayolingana na mzigo, na UPS kwa ajili ya kukatika ghafla. Zile UPS zinazouzwa bila betri nzima ni mapambo. Radi ni jambo jingine: katika misimu yetu miwili ya mvua, stabilaiza haizuii radi. Kinachozuia ni kuchomoa plagi ukutani mawingu yakikusanyika, pamoja na waya wa intaneti kama upo.

Wanaotumia sola wana dalili yao. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yaliyokatika-katika badala ya mawimbi laini, na kwenye monita ya VGA hilo linaweza kuonekana kama mkanda wa kivuli unaopanda au kushuka polepole kwenye kioo, pamoja na mlio wa nyuki kwenye spika. Ukihamia umeme wa TANESCO mkanda ukatoweka, kadi haina kosa.

Hapa kuna ushauri kwa viongozi wa vyama vya msingi na wakuu wa shule. Mkiwa na bajeti ya kompyuta moja mpya, fikirini kwanza stabilaiza nzuri, UPS na kebo ya akiba kwa zile zilizopo. Kompyuta mpya ikiwekwa kwenye soketi iliyoua ya zamani, itafuata njia ileile.

Windows ya kulazimisha

Turudi kwenye nembo safi na vurugu zinazoanza Windows ikipakia. Kati ya Windows na kadi ya picha kuna programu ndogo ya kutafsiri, mafundi wanaiita draiva. Kila toleo la Windows linahitaji draiva yake, na mtengenezaji wa kadi ndiye anayeiandika. Akichoka, imeisha. Intel haikutengeneza draiva rasmi za Windows 10 kwa picha za Core 2 Duo wala za Core i3 na i5 za kizazi cha pili. Kadi ndogo za Nvidia zilizozagaa sokoni kama GT 710 ni za ukoo ulioacha kupata hata viraka vya usalama mwaka 2024. Na Nvidia ilitoa muda hadi Oktoba 2025 kwa ukoo wa GTX 900 na GTX 10 kuendelea kupata draiva za kawaida. Baada ya hapo ni viraka vya usalama tu.

Windows ikikosa draiva inayoelewana nayo, inatumia ya kubahatisha, inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Herufi zinakuwa kubwa na zilizovutika, video zinakwama, kioo kinaweza kuwa cheusi kikiamka kutoka usingizini. Bonyeza kwa kidole cha kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, tazama sehemu ya Display adapters. Ukikuta jina hilo, huna kadi mbovu. Una ndoa isiyo na mkalimani. Nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, andika namba ya modeli, uchukue draiva ya mwisho waliyoitoa. Zile programu za kutafuta draiva zenyewe, zinazojitangaza kwa matangazo makubwa, ziepuke. Nyingi huja na wageni wasioalikwa.

Kama vurugu zilianza siku chache tu baada ya fundi kukuwekea Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi masharti, jibu la uaminifu ni kurudi nyuma. Core 2 Duo haiwaki kabisa na toleo la 24H2 la Windows 11. Kwa mashine za kizazi cha pili hadi cha saba, chaguo la busara kwa mwaka huu ni Windows 10 iliyoandikishwa kwenye mwaka wa ziada. Baada ya hapo, Linux Mint, ambayo ni ya bure na ambayo inazijua picha za zamani za Intel bila kutafutiwa draiva. HESLB, NeST na TAUSI hufunguliwa kwa kivinjari, na Firefox ni ileile kwenye Linux. Tahadhari iwe kwenye printa na skana: zijaribu kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote.

Kuna jambo dogo linalofanana na ugonjwa wa kioo lakini si wenyewe. Tovuti ya mikopo inakataa kufunguka na kutoa onyo la usalama, na saa ya kompyuta inasoma mwaka uliokwisha pita. Betri ya CR2032 ya kwenye ubao imeisha. Badilisha, panga tarehe, endelea.

Kadi ikiwa kweli imekufa

Inatokea. Madoa ya rangi yaliyojipanga kama mbao za bao tangu kwenye nembo, baada ya kebo, RAM na monita kubadilishwa, ni kadi. Kama ni ya kuchomeka, itoe, rudisha kebo kwenye tundu la ubao na uwashe. Kwa steshenari inayochapa barua na kujaza fomu, picha ya kwenye ubao inatosha, na unaweza kukuta hukuhitaji kadi tangu mwanzo. Anayehitaji ni yule wa kuhariri video za harusi.

Utaambiwa kadi "itapashwa moto" na itarudi. Itarudi, kwa wiki au mwezi. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa viungio vyake, na tangu hapo hita imekuwa dawa ya mafundi wa dunia nzima. Joto linagusanisha kiungio kilichopasuka, halikiungi. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilipwe tu kama fundi anaandika dhamana ya miezi mitatu. Asipoandika, umepata jibu lako.

Ukinunua mashine iliyotumika, Kayanga au ng'ambo ya mpaka, nenda na flashi yenye video ndefu. Iwashe, icheze kwa nusu saa muuzaji akisubiri, tikisa kebo, bonyeza menyu ya monita, mulika kapasita kwa tochi kupitia matundu ya kava. Uliza kizazi cha prosesa. Muuzaji asiyejua, soma mwenyewe: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-2400 ni cha pili. Kwa kuwa makampuni ya Ulaya na Marekani yanaondoa mashine za Windows 10, nyingi za bei ya chini zinaelekea Afrika. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za kielektroniki iridhie kwanza kabla hazijasafirishwa, zenye sumu na zisizo na sumu. Mpaka wa kompyuta iliyotumika na taka unategemea kama inafanya kazi, na kipimo hicho mara nyingi kinafanyika kwenye meza ya mnunuzi wa mwisho.

Kilichokufa kabisa nacho kisitupwe kwenye shimo la migomba. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMC, ila ukiwa Mabira au Rwambaizi huenda usione kituo cha kukusanyia. Ile mirija ya taa ya monita za zamani ina zebaki, kwa hiyo kioo kisivunjwe wala kuchomwa. Mpe fundi avue vipuri: boksi la umeme zima, RAM, kebo, feni. Kebo ya VGA inayotoka kwenye mashine iliyokufa ndiyo unayoihitaji wiki ambayo kioo cha jirani kitageuka njano.